Nguruwe Haingii Shamba la Mtu Safi

Jumbe wetu alikuwa na barua ya Bwana Shauri wa wilaya, koti la vifungo vya shaba, na tarishi wa kumpigia mbiu. Alipotuita kufyeka barabara ya Kiwangwa walitokea watu saba, na wawili kati yao walikuwa wapita njia. Fundi Sadallah hakuwa na barua, wala koti, wala tarishi. Aliingia kijijini kwetu mwezi wa tano mwaka 1948, akasimama mbele ya msikiti, akakohoa, na kabla hajamaliza kukohoa kijiji kizima kilikuwa kimeketi chini.

Kikohozi chenyewe sikukisikia. Nilikuwa bado shuleni, kwenye bweni la wavulana sitini na kunguni wasiohesabika, nikikariri mito ya Ulaya. Lakini niliporudi likizo mwezi wa sita nilisimuliwa na watu kumi na wanne, na kila mmoja alinikoholea upya nisije nikakosa baraka.

Kazi ya Fundi Sadallah ilikuwa kufunga nguruwe midomo kwa uganga. Asiyelima bondeni kwetu hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Mpunga ukianza kuinamisha masuke, nguruwe wa porini hushuka usiku kundi zima, na shamba la mwaka hugeuka uwanja wa mpira kabla ya alfajiri. Ndiyo maana kila mwenye shamba hujenga dungu, yaani kitanda cha fito juu ya miti minne, akalala huko miezi miwili na debe lake la kupiga na moto wake wa kukoka, akiumwa na mbu huku akiwatukana nguruwe kwa majina ya mashemeji zake.

Fundi aliyafuta yote hayo kwa jioni moja. Alizunguka bonde na usinga na kibuyu, akazika vifurushi vyeusi kwenye pembe nne, kisha akatoa amri. Madungu yashushwe. Madebe yasipigwe. Moto usiwake shambani. Mtu mmoja tu akilinda, fungo la bonde zima litafunguka, kwa sababu kulinda ni kumtilia Fundi shaka. Ndege hakuwataja. Ndege hula mchana, mbele ya mashahidi.

Halafu akasema neno lililomfanya kuwa Fundi. Alilisema kwa sauti ndogo, kama kawaida yake, hata safu ya mbele ikawa karibu kumlalia miguuni ili isikie.

"Nguruwe haingii shamba la mtu safi. Akiingia kwako, usiniulize mimi. Jiulize ulifanya nini gizani."

Nimesoma habari za wafalme wengi, wengine wakiwa na mizinga, lakini sijakuta aliyetawala kwa bei nafuu kama hiyo. Alikuwa na vipaji viwili tu. Cha kwanza ni kuchelewa. Akisema atafika baada ya adhuhuri, alifika magharibi, na watu waliomngoja saa tano hawakuweza kukubali kwamba walikuwa wakimngoja mtu wa kawaida. Cha pili ni kutomaliza sentensi. "Mwaka huu bonde hili..." angesema, kisha akatazama mbali, na kila mtu akaondoka na mwisho alioupenda mwenyewe. Waliokosa mwisho walipewa na Msabaha, jirani yetu, bwana ambaye kwa miaka ishirini hata mkewe hakumsikiliza. Sasa alikuwa msemaji wa Fundi, na alitembea kijijini kana kwamba ameazimwa kifua cha mtu mwingine.

Bibi yangu, mzaa mama, Mwanamkasi binti Mrisho, hakushusha dungu lake. Alishushiwa. Nilikuwepo, ilikuwa siku ya pili tangu nifike. Msabaha alikuja na vijana wanne wenye mashoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashoka yote hayo, mmekuja kunichanjia kuni?"

"Dungu lako, mama. Ni la mwisho bonde zima. Fundi amesema..." Msabaha akatazama mbali. Alikuwa amekwisha kuiga hata hilo.

"Amesema nini? Malizia, nina chungu jikoni."

"Amesema unamfungulia nguruwe."

Wakalikata mbele yetu. Bibi alisimama na mwiko mkononi mpaka mti wa nne ulipoanguka, ndipo akageuka kuniambia, "Mume wangu, ingia ndani. Mimi na wewe leo ni wakimbizi." Bibi zetu hutuita waume zao, na kwa miaka kumi na sita nilikuwa mume wa hovyo kabisa. Lakini siku ile utani haukumfika machoni.

Sababu yake niliijua. Mjomba Mwinjuma, mwanawe mkubwa, alikuwa na nyumba ya bati huko Dunda, Bagamoyo mjini, na wake watatu wasiokubaliana ni nani apike. Kila mwaka alimwambia mama yake ahamie kwake apumzike. Bibi alikwisha kwenda kupumzika mara moja, sikukuu ya Idi. Alipika siku nne, akaosha masufuria siku ya tano, akarudi kwa miguu. Sasa Mjomba alikuwa ameleta ujumbe wa mwisho: atakuja mwezi wa saba na punda. Akikuta mpunga umevunwa na ghala lina kitu, sawa, mama abaki. Akikuta ameharibikiwa tena kama mwaka jana, godoro linapanda juu ya punda na mama anafuata nyuma.

"Bora nguruwe wanile mimi," alisema Bibi usoni kwa mwanawe aliyekuwa maili thelathini mbali. "Wao angalau hawatasema chumvi imezidi."

Nilianza kwa kutumia elimu. Ni kosa ambalo vijana wa shule hulifanya mara moja tu. Ijumaa baada ya sala, Fundi akiwa amezungukwa na watu, niliinua mkono kama darasani.

"Fundi, shikamoo. Nguruwe wakifungwa midomo, si watakufa kwa njaa? Mbona hatujaona mzoga hata mmoja?"

Fundi alinitazama. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba nusu, na huwezi kujua ni lipi linalokuona. Aliungoja mkono wangu ushuke wenyewe. Mwishoni akasema, kwa huruma kubwa, "Kijana amesoma."

Hakuongeza kitu. Watu wakatikisa vichwa kama wanaoambiwa nina kifaduro. Mwanamke mmoja akamwambia mwenziwe, "Maskini, na mama yake alikuwa na akili." Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa na maneno mawili.

Asubuhi ya Jumatatu nilikwenda bondeni kufukuza ndege, nikamkuta Msabaha katikati ya shamba lake na ufagio. Alikuwa anafagia. Mpunga wake robo nzima ulikuwa umelala chini, umetafunwa na kukanyagwa, naye alikuwa akifuta alama za kwato kwa uangalifu wa bibi harusi anayefagia ua wa mama mkwe.

"Shikamoo, Mzee Msabaha."

Aliruka. "Marahaba! Unanyatia watu kama chui kwa nini?"

"Naona unafagia shamba."

"Nyinyi watu wa shule hamjui kilimo."

"Na huu mpunga uliolala?"

"Upepo."

"Upepo wenye kwato?"

Akanikazia macho, kisha kile kifua cha kuazima kikamtoka chote. "Ausi, mwanangu," alisema taratibu, "sijafanya kitu gizani. Wallahi. Kuna lile jambo la mbuzi wa marehemu kaka yangu, lakini hilo ni la zamani. Usiseme."

Sikusema. Lakini siku tatu zilizofuata nilitembea bonde zima, nikapata elimu isiyofundishwa bwenini. Nguruwe walikuwa wameingia mashamba sita, na kila mwenye shamba aliamini kuwa ni lake peke yake. Mmoja alipanda matawi pembeni ili shimo lisionekane kutoka njiani. Mwingine alieneza habari kwamba amevuna mapema. Jioni wote sita walikutana kilingeni kwa Fundi, pale alipofanyia uganga wake, wakamsifu kwa sauti, na aliyepoteza zaidi alisifu zaidi. Kadiri nguruwe walivyokula, ndivyo Fundi alivyokuwa mkubwa.

Shamba la Bibi walikuwa bado hawajalifikia. Lilikuwa la saba kwenye njia yao.

Nilijua sasa kwamba ukweli hautasaidia. Kama Fundi hawezi kuangushwa, basi atumike. Ijumaa iliyofuata nilivaa kanzu safi, nikapita katikati ya watu, nikapiga magoti mbele yake, nikasema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba:

"Fundi, nisamehe. Elimu ilinipotosha. Jana nimeota. Nimemwona mfalme wa nguruwe, mkubwa kama ng'ombe, ameketi ukingoni mwa shamba la bibi yangu. Anacheka. Anasema, 'Fundi wenu simwogopi akiwa mbali. Nitamwogopa siku atakapokuja kuketi hapa mwenyewe.'"

Halafu watu wote, taratibu, wakamgeukia Fundi.

Alinitazama, na safari hii nililijua jicho linaloniona. Lilikuwa lile lililofumba. Aliona kanzu, magoti, na kijana anayesema uongo kwa ufasaha. Mimi nikaona mtu anayehesabu upesi njia za kutoka na kukuta zimejaa wafuasi wake. Akikataa, anamwogopa nguruwe. Tulisalimiana pale, bila neno, kama wachuuzi wawili wa bidhaa moja.

"Nilikuwa namngoja huyu kijana aseme," alisema Fundi. Watu wakavuta pumzi kwa mshangao. "Kilinge kihamie huko. Leo."

Kilihamia. Tangu jioni ile, kila siku hadi mapambazuko, ukingo wa shamba la Bibi ulikuwa na watu mia, ngoma tatu, na moto wa kuchoma mbuzi mzima, maana moto wa Fundi haukuhesabiwa kuwa moto. Waliimba, walipiga vigelegele, walimtukana mfalme wa nguruwe na ukoo wake wote. Tangu dunia iumbwe hakuna shamba lililolindwa namna ile.

Bibi alikaa barazani akisikiliza. "Mume wangu," aliniambia, "wewe utakufa ukiwa liwali au ukiwa kifungoni. Sijui kipi kitatangulia."

"Lakini utabaki nyumbani kwako, mke wangu."

"Nitabaki. Na wenzangu?"

Nilijifanya sikusikia. Nilikuwa nimeona tayari. Watu mia waliokuwa wakiimba kwetu hawakuwa makwao, na nguruwe, wakiwa ni viumbe wenye busara, walihamia upande wa pili wa bonde ambako hapakuwa na mtu hata wa kukohoa. Wiki ya tatu nilimkuta Dija, mjane mwenye watoto wawili wadogo, ameketi pembeni mwa shamba lake. Halikuwa limebaki na suke hata moja. Mtoto mdogo alikuwa akiokota punje moja moja kwenye matope na kuzitia kwenye kifuu.

"Dada Dija, pole."

"Pole ya nini? Nimevuna." Alisema bila kunitazama.

"Umeweka wapi?"

"Ausi, niache. Sijafanya lolote mimi. Sijamkosea mtu tangu mume wangu afe. Lakini nikisema, nani atanisadiki? Wataanza kuhesabu wanaume." Akafuta pua kwa upindo wa kanga. "Jioni nakuja kuimba kwenu. Mwambie Bibi aniwekee maji ya kunywa."

Mzaha wangu haukunichekesha siku ile. Nauandika kama ulivyokuwa.

Mwezi wa saba ulipoanza, Fundi alitangaza kazi imekwisha. Kila mwenye shamba alete kapu moja la mpunga mpya kama shukrani, naye aende zake. Hapo ndipo bonde lilipoanza kutokwa na jasho. Mtu anayejivunia shamba zima lililonusurika atakosaje kapu moja? Siku mbili mfululizo walikuja kwa Bibi, mmoja mmoja, mlango wa uani.

"Mama Mwanamkasi, wangu bado una unyevu, niazime kapu."

"Bibi, mpunga wangu nimeufungia ndani, na ufunguo ameondoka nao mtoto kwenda Zinga."

Bibi alikuwa amekwisha kukata ukingo mmoja wa shamba, na humo aliwapa wote, kila mmoja kwa uongo wake, bila kuuliza. Aliponiona ninacheka akanipiga kofi la kichwa lililonipeleka hadi jikoni.

Lakini Msabaha alikuwa msemaji wa Fundi, na msemaji hawezi kupita mlango wa uani. Alifikiri kwa siku mbili, kazi aliyokuwa hajaizoea, akapata jibu la ajabu. Kama shamba lake limeliwa na shamba la bibi huyu limejaa hivi, basi mpunga wake haukuliwa na nguruwe. Umehama. Umevutwa kwa chuma ulete, uchawi ule wa kuhamisha mali ya mtu kutoka kwake hadi kwako bila kuigusa. Kwa jibu hilo yeye alikuwa safi, Fundi alikuwa mkweli, na mchawi alikuwa bibi yangu.

Siku ya kuaga, mbele ya watu wote na makapu yote, Msabaha akasimama.

"Fundi, kabla hujaenda. Kuna mwanamke hapa anavuna mpunga wa watu. Tizameni shamba lake! Ni chuma ulete. Afukuzwe bondeni!"

Manung'uniko yakapita kama moto kwenye nyasi. Niliona nyuso zikigeuka, na katika nyuso hizo matumaini makubwa: kila mtu alikuwa amepata ghafla njia ya kuwa na shamba tupu na moyo safi. Nilikuwa nimetaka kumwokoa na punda, nikampeleka kwenye mawe. Bibi aliketi juu ya mkeka wake, mikono magotini, akasubiri kelele zipungue.

"Msabaha, mwanangu," alisema. "Mpunga wa watu gani?"

"Wa watu! Wa hapa!"

"Wana majina. Nataka niwarudishie. Nimemchukulia nani?"

Bibi akawageukia wengine.

"Aliyepungukiwa na mpunga asimame. Asimame tu. Fundi yupo, Jumbe yupo. Atwambie shamba lake limebaki nini."

Sijapata kuona watu mia wakichunguza kucha zao kwa pamoja. Kusimama ni kusema shamba langu limeliwa. Labda ni uchawi, labda ni nguruwe. Lakini je, Fundi akiamua ni nguruwe? Aliyesimama atabaki amesimama na lile la gizani. Dija alikuwa ameinama, mtoto mgongoni. Jumbe alisoma vifungo vya koti lake. Mtu mmoja nyuma alianza kunyanyuka, mkewe akamtazama kwa jicho la "kwani ulifanya nini?", akakaa upesi kuliko alivyonyanyuka.

"Na wewe, Msabaha?" aliuliza Bibi kwa upole. "Umesimama tayari. Lako limekuwaje?"

Wote wakamtazama. Nilimwona akimtafuta Fundi kwa macho, na Fundi akitazama mbali kama desturi yake. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyemmalizia Msabaha sentensi.

"Langu..." alisema. "Langu zima. Limejaa. Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," alisema Bibi. "Basi mashamba yote ni mazima, na mimi sijamwibia mtu. Fundi, nimekosea?"

Ilibidi Fundi ajibu mwenyewe, na alijibu vizuri. Sina budi kumsifu. Aliinua usinga, akakohoa kile kikohozi, na watu wakatulia. "Bonde zima limenusurika," alisema, na sentensi hiyo aliimaliza. Vigelegele vikapasuka. Wanawake walilia kwa furaha, na matumbo yao yalikuwa matupu.

Nilipewa heshima ya kumbebea kibuyu mpaka njia kuu. Tulipoagana aliniwekea mkono begani. "Ukimaliza shule," alisema, "nitafute. Una sauti nzuri, lakini unamaliza sentensi zako zote. Hilo litakuangusha."

Wiki iliyofuata Bibi alivuna shamba lililobaki. Desturi ya kwetu, anayekuja kumsaidia mwenzake kuvuna haondoki mikono mitupu. Hupewa fungu lake la masuke. Miaka mingine Bibi hupata wasaidizi watatu na mmoja wao ni kipofu. Mwaka ule walikuja wote, na visu vyao, kwa vile, kama walivyoeleza, makwao wamekwisha kuvuna na wamechoka kukaa bure. Hakuna aliyetaja nguruwe. Bibi alikata mafungu mwenyewe, na la Dija lilibebwa mara mbili na watu wawili. Msabaha alikuja siku ya mwisho, akavuna kimya upande wa mbali, akapewa sawa na wenzake.

Mjomba Mwinjuma alifika na punda, akachungulia ghala. Halikuwa limejaa, lakini lilikuwa na kitu. Akachungulia tena kama anayetafuta nguruwe ndani. "Mama, mwaka huu umelindaje?"

"Nililala," alisema Bibi.

Punda akarudi Dunda na fungu moja la mpunga wa kuwapikia wake watatu, kama watakubaliana.

Siku moja kabla sijarudi shule, wazee walikuja barazani wakiongozwa na Jumbe. Walikuwa wameshauriana. Fundi Sadallah aitwe tena mwakani. Bonde haliwezi kuachwa bila mtu kama yule. Walitaka tu, kwa heshima, kusikia Bibi anasemaje, maana tangu ule mkutano watu walikuwa na tabia mpya ya kumsikiliza.

Nilikaa mlangoni nikimngoja awacheke. Bibi hakucheka. Alipembua mchele wake kwanza, akatoa mawe mawili, akayatupa uani.

"Mwiteni," alisema. "Aje na ngoma zake zote na moto wake. Lakini mwakani kilinge kikae upande wa pili wa bonde. Kwa Dija."

"Umeota?" aliuliza Jumbe, akishusha sauti.

"Nimeota," alisema Bibi, na wazee wote wakainamisha vichwa.